Shimo Lisilojaa Mwaka wa Tisa

Nzuguni, Dodoma,
kwa anwani ya duka la Jamaldini, stendi.
17 Machi 1996

Mpendwa mdogo wangu Iddy,

Pokea salamu kutoka kwenye upepo wa Dodoma mpaka kwenye joto lenu la Mtwara. Hujambo? Shemeji Shamila hajambo? Na watoto je, yule mkubwa ameacha kula udongo? Sisi huku wazima. Mimi kaka yako ndiye mzima kuliko wote: meno yangu yote yapo isipokuwa mawili niliyoyaacha Bujumbura, gari langu linawaka kwa funguo siyo kwa kusukumwa, na shimo langu la choo mwaka wa tisa huu halijajaa. Narudia ili hata wanaofungua barua za watu wasikie: mwaka wa tisa. Mungu alipokuwa anagawa mashimo alianza na mimi.

Barua yako imefika, pamoja na ile nyingine uliyoikunja ndani yake, ya kwenda ofisi ya kata kumshitaki fundi Matonya aliyekujengea choo. Nimezisoma zote mbili. Yangu nimeisoma mara moja. Ya kata nimeisoma mara nne, maana umeandika Kiswahili cha mahakamani mpaka nikajisikia kama mshitakiwa ni mimi.

Umesema niipeleke siku hiyo hiyo. Leo ni siku ya sita na bado iko kwenye mfuko wa koti langu. Nitakueleza kwa nini. Lakini kwanza nikupe habari za nyumba yako tangu mwanzo, kwa sababu naona zilizokufikia huko zilifika nusu, na nusu yenyewe ni ile ya hasira.

Mama Joha, aliyekuzaa wewe na kunilea mimi, ni mzima. Magoti yanamsumbua asubuhi tu, mchana anatukana watu kama kawaida. Kwa hiyo usihangaike upande huo.

Sasa, mambo yalianza na udi. Mwezi wa kwanza, kabla ya kufunga, kila nikienda kumwamkia nakuta nyumba imejaa moshi wa udi mpaka macho yanatoka machozi. Siku ya tatu nikamuuliza.

“Shikamoo mama. Hapa kuna harusi gani ambayo mimi sijaalikwa?”

“Marahaba. Hakuna harusi. Mtu hawezi kufukiza nyumba ya mwanawe?”

“Anaweza, lakini siyo saa mbili asubuhi siku ya Jumatatu.”

“Bushiri, hebu nenda zako kwenye shimo lako lisilojaa.”

Nikacheka, nikaenda zangu. Iddy, mimi ni mtu niliyetembea. Nimeendesha lori mpaka Lubumbashi, nimelala hoteli yenye choo cha kubonyeza kwa kidole kimoja. Lakini sikujiuliza mwanamke wa miaka sitini na tano anaficha nini kwa udi wa kila siku. Alikuwa anaficha harufu. Aliona aibu kuniambia kwamba nyumba mpya ya mwanawe, yenye bati la rangi na choo cha ndani, imeanza kunuka. Siku hizi udi nauona kwa jicho lingine kabisa. Nikiingia kwa mtu nikaukuta mwingi bila sababu, namwangalia mwenye nyumba usoni.

Dalili nyingine zilikuwepo, hatukuzisoma tu. Maji ya bafuni yalikuwa yanakaa kwanza, yanazunguka, ndipo yanaondoka kwa uvivu. Ukimwaga beseni la maji ya kufulia, choo kinakohoa, kho kho, kama mzee aliyeshtuliwa usingizini. Mama akawa anakijibu, “Pole baba.” Na zaidi ya yote yale majani ya nyuma ya nyumba. Unajua mwezi wa kumi Nzuguni inavyokuwa, kila kitu rangi ya kiroba, hata mjusi anatafuta kivuli cha mwenzake. Basi nyuma ya nyumba yako, pale kwenye lile shimo la pili la mawe linalonyonya maji, fundi analiita sokawei, palikuwa na majani mabichi ya kupendeza. Mama akafunga mbuzi wake hapo. Majirani wakaja kutazama. Tukasema kiwanja cha Iddy kina baraka, labda kuna maji chini. Maji kweli yalikuwepo, lakini siyo ya kumshukuru nayo Mungu. Sisi watu wa nchi kavu tukiona kijani tunasema asante kabla ya kuuliza kimetoka wapi.

Ikaja Idi mosi. Wageni kumi na mmoja kutoka Kondoa walishuka na basi la asubuhi. Pilau, sufuria, watoto wanaoshwa, watu wanatia udhu, maji yanakwenda tangu alfajiri. Saa saba mvua ikapiga, ile ya kwetu isiyobisha hodi. Na hapo hapo, Iddy, maji ya bafuni yakaanza kupanda badala ya kushuka. Shangazi Miriam ndiye aliyekuwa ndani. Alitoka amekunja nguo mpaka magotini, hakusema neno, na unamjua Shangazi Miriam, kunyamaza kwake ni matangazo ya redio.

Mimi nilizima maji kwenye pipa, nikakataza mtu yeyote kutumia choo, wageni wote nikawapeleka kwangu, wanawake akawapokea mke wangu Stara. Hilo nililifanya vizuri, nalijisifia: maji yakirudi ndani, jambo la kwanza ni kuacha kuongeza mengine. Lakini mama alijifungia chumbani. Nilikaa nje ya mlango wake namwita. Akaniambia, “Waambie wale pilau, mimi sina njaa.” Iddy, mama hakula pilau yake mwenyewe siku ya Idi. Ndiyo maana naielewa hasira yako. Ningekuwa Mtwara ningeandika barua mbili za kata.

Siku ya Idi pili nikaenda kwa Matonya. Mkewe Loisi akaniambia yuko Chamwino kwenye kazi, atarudi jioni. Kesho yake asubuhi alikuja mwenyewe na baiskeli, mtalimbo ameufunga kwa mpira wa ndani. Hakuuliza nani atamlipa, wala hakusema kwamba kazi yake aliimaliza zamani. Alimwamkia mama kwanza, akazunguka nyumba, akanusa, akapapasa ardhi kwa kiganja kama daktari anayetafuta homa. Kisha akafungua mfuniko wa septiki.

Nilisogea niangalie, sigara mdomoni.

“Zima hiyo sigara, dereva.”

“Kwa nini, choo nacho kina adabu zake?”

“Mle ndani mna hewa inayowaka. Na isipowaka inaua. Ukitaka kuona, simama huko upande wa upepo, uchungulie kwa mbali.”

Akanieleza kwamba alikuwa na mwenzake, fundi mzuri, aliingia kwenye shimo la namna hiyo kuokota ndoo iliyodondoka. Ndoo tu. Hakutoka. Ndugu yake akaingia kumfuata, naye hakutoka. Kwa hiyo hili ulishike na umwambie yeyote atakayeishi nyumba hiyo: mfuniko ukifunguliwa, watoto wawe mbali, moto uwe mbali, na mtu asiingize hata kichwa. Ndoo ikidondoka, ni sadaka.

Sasa nikufundishe alivyonifundisha, na usinicheke, mimi niliishia darasa la sita lakini hili nimelielewa kuliko walimu. Septiki ni kama mtungi wa togwa. Mazito yanakaa chini, povu linakaa juu, na maji ya katikati ndiyo yanayotoka kwenda sokawei kunyonywa na ardhi. Yale mazito yanaliwa pole pole na vijidudu, ndiyo kazi yao waliyopewa. Yakizidi chini mpaka yakafika kwenye bomba la kutokea, yanatoka na maji, yanaziba matundu ya ardhi, na hapo ardhi inakataa kunywa. Ikikataa kunywa, maji yanarudi yalikotoka. Ndiyo kile kikohozi, ndiyo yale majani.

Matonya aliingiza fito ndefu akaitoa, akanionyesha. Chini kulikuwa na kitu kigumu kimeshikana kama zege. Mchanga na majivu.

“Mama anasugulia nini vyombo?” akauliza.

Unajua jibu. Mama anasugua sufuria kwa mchanga na majivu tangu alipoolewa, na sufuria zake unaweza kujitazama ukanyolea ndevu. Zamani maji hayo yalimwagwa uani. Wewe ukamjengea sinki la ndani, na yeye kwa heshima ya sinki la mwanawe akaacha kabisa kumwaga uani. Mwaka mzima na zaidi, kila siku, mchanga na majivu vimekwenda shimoni. Vijidudu hata wangekuwa wengi namna gani hawali mchanga.

Tena kuna mifuko ya rambo. Tangu soko lifunguliwe kila kitu kinakuja na rambo, hata kitunguu kimoja. Wapangaji wa vyumba vya uani wamekuwa wakitumbukiza humo kila wasichotaka kionekane. Tena kuna dawa, ile ya chupa ya bluu inayouzwa stendi, mama anamwaga kizibo kizima asubuhi na jioni ili choo kinukie. Matonya akasema dawa hiyo inawaua wale wale wanaotufanyia kazi. Mama alisikitika kweli. Akasema, “Kumbe nawaua na wao hawajanikosea.”

Na lingine ni langu. Mwaka jana nilimshauri mama tuchukue bomba la mabati, lile la kumwaga maji ya mvua pipa likijaa, tulielekeze kwenye chemba, kile kishimo cha mabomba ya choo, ili uani pasiwe na matope. Nililiunganisha mwenyewe, nikajipongeza, nikanywa soda. Kwa hiyo mvua ya Idi yote ya bati zima iliingia shimoni mwako kwa mkono wangu. Hilo nakiri.

Yaliyokwisha kufanyika ni haya. Bomba la mvua nimelitoa siku ile ile. Jamaa mmoja, Methusela, alikuja na gari lake la kunyonya vyoo, akavuta yaliyovutika, mchanga Matonya akaukoroga kwa fito ndefu na maji, akiwa amesimama juu, mpaka nao ukavutwa. Hatukuosha mpaka ikang'aa, chini pamebaki kidogo makusudi, wale vijidudu wapate pa kuanzia. Mfuniko uliokuwa na ufa umemwagwa upya. Mama amerudi kusugulia vyombo uani kwenye beseni, na maji yake yanakwenda kwenye mpapai. Wapangaji nimewahutubia, na unajua hotuba zangu.

Lililobaki ni sokawei. Lile limeziba, halifufuki kwa maombi. Matonya anasema tusichimbe sasa, ardhi ikiwa tope inajikandika na kuziba yenyewe, tusubiri mwezi wa sita. Atachimba mtaro mrefu wa kokoto badala ya shimo moja la kina, kwa sababu hapa kwetu juu kuna mchanga unaokunywa vizuri, lakini ukishuka futi nne unakuta ardhi ngumu kama sakafu. Mpaka wakati huo maji yatumike kwa kubana, nguo zifuliwe nje, na mimi nafungua chemba kila Ijumaa kuangalia kama maji yamesimama. Na hata baada ya hapo, gari liitwe kila mwaka wa pili au wa tatu, siyo kusubiri mpaka Shangazi Miriam alowe.

Sasa nirudi kwenye barua iliyo kwenye koti.

Unakumbuka mwaka ule wa kujenga, ulipokuja likizo? Tulisimama watatu pale kiwanjani. Matonya alikuambia habari hizo hizo za futi nne na za mtaro mrefu. Alisema, “Bwana Iddy, shimo la namna unayotaka litakusumbua.” Wewe ukanyoosha mkono kuelekea kwangu ukasema, “Nijengee kama la kaka Bushiri, lile halijai.” Matonya akanitazama. Mimi nilikuwa natafuna kijiti cha meno. Sikusema kitu, nilisimama tu pale nimependeza. Akajenga ulivyomwambia, futi kwa futi.

Katika barua ya kata umeandika kwamba fundi huyo huyo alijenga langu miaka tisa iliyopita, ardhi ile ile, kipimo kile kile, na halijajaa hata siku moja, kwa hiyo lako kujaa ndani ya mwaka mmoja na nusu ni ushahidi kwamba aliiba saruji au alifanya uzembe kwa makusudi. Umeniweka mimi kuwa shahidi wa kwanza. Kwa maneno hayo, mtu yeyote wa kata atakubaliana na wewe. Hata mimi nilipoisoma mara ya kwanza nilikubaliana na wewe, mpaka nikakumbuka kwamba ninayezungumzwa ni mimi.

Na maneno yameshatangulia barua. Wageni wa Kondoa walizungumza, wapangaji walizungumza. Kuna bwana mmoja, mtumishi wa Bunge, anajenga nyumba tatu upande wa juu wa barabara. Alishamwahidi Matonya kazi yote, msingi mpaka vyoo. Juzi amemwambia asubiri kwanza, amesikia mashimo yake yanajaa. Matonya anasubiri. Loisi alikuja kwa Stara, hakulalamika, aliuliza tu kama ni kweli wewe umeandika kata. Stara akanitazama. Nikasema sijui, na barua nimeivaa.

Kesho yake nilimkuta Matonya njiani, anasukuma baiskeli. Nikamwambia usiwe na wasiwasi, Iddy ni mdogo wangu, nitasema naye. Akaniambia, “Sema naye, Bwana Bushiri. Wewe ndiye unayejua.” Akapanda baiskeli yake.

Kwa hiyo nakuomba, mdogo wangu, unipe ruhusa niichane barua hiyo. Nimekueleza habari za mchanga, za rambo, za dawa, za bomba la mvua. Hizo peke yake zinatosha kumwondolea fundi lawama. Utauliza, mbona la Bushiri halijai? Utaona mwenyewe kwamba kwangu tuko wawili tu, mimi na Stara, na mimi nusu ya mwaka niko barabarani. Tena watu wana bahati zao.

Hapa kwetu mahindi ya mapema yameungua kwa jua la mwezi wa kwanza, lakini uwele na mtama vimesimama vizuri. Mbuzi wa mama amezaa pacha. Jamaldini amenunua televisheni, anaweka dukani, wateja wamekuwa wengi na wanunuzi wamepungua.

Mama anakusalimu, anasema usimwandikie mtu kata bila kumwuliza yeye. Stara anamsalimu Shamila na kumwuliza kama zile kanga zilifika. Shangazi Miriam wa Kondoa anakusalimu pia, amekusamehe bafu. Wabusu watoto, yule mla udongo mbusu mara mbili. Mungu awape afya, awape mvua kwa kipimo chake, na akurudishe kwetu siku moja ule pilau ya mama ukiwa umekaa naye.

Ni mimi kaka yako akupendaye, nikiwa karibu hata nikiwa mbali,

Bushiri

Iddy, bahasha nilishaifunga nikaifungua tena. Stara amekaa hapa mbele yangu, na hajaondoka.

Barua ya kata nimeichana bila kusubiri ruhusa yako. Kesho asubuhi nakwenda kwa yule bwana wa Bunge, kisha kwa Matonya, na mbele ya Loisi nitasema hili ninalokuandikia wewe kwanza, kwa sababu ni wewe uliyejenga kwa kuniamini.

Kuna neno la Dar es Salaam, kutapisha choo. Unatoboa tundu ubavuni mwa shimo la choo, unaliziba kwa gunia, mvua kubwa ikishuka unazibua, uchafu unaondoka na mafuriko, na kesho unawaambia watu shimo lako halijai. Nilijifunza nilipokuwa napakia mizigo kule. Langu linatapika kwenye korongo. Ni korongo lile ambalo kiangazi Loisi na wanawake wenzake wanafukua mchanga wapate maji ya kunywa. Nimewaona wakichota, nikawasalimia.

Matonya aliliona gunia mwaka wa tatu. Hakuniumbua mbele ya mtu, hata siku ile kiwanjani kwako.

Shimo langu hujaa, Iddy. Limejaa kila mwaka tangu wa pili, na nimekuwa nikisema uongo.